Kiarabu kwa Asiye Mwanachuoni

Kitabu cha lugha hupimwa kwa haja ya anayejifunza. Jambo hilo twaliona limesahauliwa katika vitabu vya Kiarabu wanavyopewa vijana wetu wa vyuo vikuu wasiokusudia ubingwa wa lugha hiyo, bali wasomao historia, sheria au fasihi ya Kiswahili.

Tuchukue Durusul-Lughatil-Arabiyya cha V. Abdur Rahim, kilichotungwa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Ni kitabu chema: hupanda ngazi kwa ngazi, wala hakimlemei msomaji kwa kanuni. Lakini kiliwalenga wanafunzi wa kila taifa, ambao baadaye wangesoma masomo yao kwa Kiarabu. Ndiyo maana somo la kwanza hufundisha kitabu na kalamu kama maneno mageni. Kijana wa kwetu Mwananyamala, apandaye basi kwenda Mlimani, hayaoni mageni hata kidogo.

Kijana huyo ana akiba ambayo kitabu hicho hakikuihesabu. Anayo hukumu, hakimu, mahakama na hekima. Akionyeshwa kuwa yote yametoka katika shina moja la herufi tatu, amekwisha kuishika siri kubwa ya sarufi ya Kiarabu. Sauti za th, dh na gh anazo kinywani. Pengine alipitia chuo cha mtaani, na herufi anazitambua ingawa maana hakufunzwa. Hapana budi masomo yake yaanzie hapo, kisha yamwonye mahali lugha hizi zilipoachana: karamu kwetu ni chakula cha wageni, kwa Waarabu ni ukarimu wenyewe, na h yetu moja ya heri, haki na hewa, kwao ni herufi tatu mbalimbali.

Matini ya kusomea hayako mbali. Hamziya, kasida ya al-Busiri wa Misri aliyoifasiri Aidarus bin Athman wa Pate, yatosha kuweka lugha mbili bega kwa bega. Tena Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo orodha yake, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970.

Mhitimu asiyeweza kuifungua miswada hiyo ataingoja tafsiri ya mgeni ili ajue babu zake waliandika nini. Kwa hiyo kazi ya kutunga vitabu hivi ni ya walimu wetu wenyewe, wa Kiarabu na wa Kiswahili wakikaa meza moja.