Ukingo wa Lami, au Namna ya Kupima Jangwa Ndani ya Mchezo wa Malori

Nimesikia huku Rwambuzi, mtaa wa Bunia, katika vile vyumba vya michezo ambamo kijana hulipia saa ya usukani kwa faranga na mwenye chumba huilipia saa hiyohiyo kwa petroli ya jenereta, ramani moja ya jangwa ikisifiwa kwa maneno ambayo mimi sijathubutu kuyatumia hata kwa kazi za mabingwa. Nimeitazama. Mchanga wake ni wa rangi ya chungwa toka upeo mmoja hadi wa pili; jua lake halichwi wala halipandi, limetundikwa mahali pamoja ili lori lipendeze katika picha; ngamia wamesimama kando ya njia na vivuli vyao vimelala upande uleule liliko jua; na mji wake, baada ya safari yote hiyo, ni vibanda vinne visivyo na mlango na kituo cha mafuta ambacho mbele yake hapana alama ya tairi hata moja. "Papa, ile iko jangwa ya kweli-kweli," akaniambia kijana mmoja, na wenzake wakaitikia. Hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi, na msomaji asitaraji upole.

Jangwa, kwa sehemu yake kubwa, si mchanga. Waliopanda kutoka Isiolo kwenda Moyale, kaskazini ya Kenya, wanajua kwamba baada ya Archers Post huanza miiba na udongo mkavu hadi Laisamis na Logologo, kisha huinuka Marsabit, mlima wenye msitu na ukungu katikati ya ukame, kisha hufuata uwanda wa Dida Galgalu, ambao ni mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa hadi macho yachoke. Na magharibi yake iko Chalbi, sakafu ya ziwa lililokauka, nyeupe kwa chumvi. Nevada nayo ni vivyo hivyo: kichaka kifupi cha kijivu, changarawe, safu ya milima, bonde pana, safu nyingine, bonde jingine. Njia ya US 50, ambayo jarida la Life liliipa mwaka 1986 sifa ya kuwa na upweke kushinda njia zote za Marekani, inao mlima mmoja wa mchanga karibu na Fallon, na ukishaupita huo, upweke unaobaki ni wa mabonde na ukimya, wala si wa matuta ya kadi za posta. Mwenye kumwaga mchanga kila mahali hakuliona jangwa. Ameliona tangazo la sigara.

Masafa nayo yana haki yake. Kampuni ya SCS Software ya Prague ilipotoa mchezo wa malori wa American Truck Simulator mwezi wa Februari 2016, ikiwa na California na Nevada peke yake, skeli ya ramani yake ilikuwa 1:35, na kwa hesabu hiyo mwendo wa kutoka Tonopah hadi Ely, ambao kwa hakika ni kilomita 270 hivi za nchi tupu, huwa haufiki hata kilomita 8, yaani dereva hajamaliza kupanga gia zake amekwisha wasili. Wachezaji wakanung'unika, nao walikuwa na haki; Desemba ya mwaka ule ule ulimwengu wote ukatanuliwa hadi 1:20. Nasema, wala sitoi hoja, kwamba chini ya 1:20 hakuna jangwa, kuna bustani. Walakini masafa matupu hayatoshi. Mwaka 1995 waliundiwa Penn na Teller, wale wafanya viinimacho wa Marekani, mchezo wa Desert Bus, ambao haukupata kuuzwa madukani: basi toka Tucson hadi Las Vegas kwa saa 8 zilezile za dunia, njia imenyooka, hapana abiria wa kuzungumza naye, na basi linavuta kulia kidogo kidogo ili asiweze mtu kufunga usukani kwa kamba akaenda kulala, malipo ya kufika ni pointi moja. Ulikusudiwa kuwa mzaha, na juu ya uduni wa picha zake nauheshimu kuliko ile ramani ya rangi ya chungwa, maana aliyeutunga alifahamu kwamba jangwani kazi ya dereva ni kukaa macho pasipo na kitu cha kumwamsha.

Yote hayo, hata hivyo, mwanagenzi atayaona akionyeshwa mara moja. Lile asiloliona kamwe, nami nimekaa nyuma ya viti vya wengi nikingoja mmoja wao alitaje bila kulisikia, ni ukingo wa lami: ule mstari ambapo kazi ya mhandisi hukoma na nchi huanza. Mjini ukingo hufichwa na mifereji, na penye mvua nyingi hufichwa na majani. Jangwani peke yake hukaa uchi, na kila kilichopita juu ya njia huacha hapo ushahidi ambao mvua haiuoshi upesi. Katika kona, magurudumu ya nyuma ya tela hukata ndani kuliko yale ya mbele, kwa hiyo upande wa ndani lami huliwa ikabaki meno meno, na nje ya meno hayo hufanyika kijia cha vumbi lililosagwa, ilhali upande wa pili hubaki mzima na rangi yake nyeupe haijafutika. Penye korongo, ambapo mafuriko ya siku moja katika mwaka huvuka njia, changarawe hulundikana upande maji yanakotokea, na upande yanakoelekea udongo humomonyoka chini ya lami mpaka lami ikaning'inia. Upepo nao una upande wake: mchanga hulala juu ya njia kwa ndimi zinazotoka mkono mmoja, hauji kutoka mikono miwili kwa pamoja, na mwenye kuumwaga sawasawa kulia na kushoto ametuambia kwa hati yake mwenyewe kwamba hajui upepo ni nini.

Na kabla ya mji, kitambo kabla ya nyumba ya kwanza, ukingo hupanuka na kulainika, kwa sababu huko ndiko wenye malori hutoka njiani kukaza kamba za turubali, kugonga tairi kwa nyundo, kutafuta chai, kujisaidia. Hapo pana mafuta meusi yaliyodondoka, vipande vya tairi lililopasuka, na njia mbili tatu za magurudumu zinazokwenda mahali ambapo zamani palikuwa na duka. Ramani ya fundi hukujulisha mji kabla hujaona paa. Ramani ya mlaghai hukuwekea kibao.

Sisi wa Ituri tunayo sababu ya kuliona jambo hili mbele ya wengine. Congo hupita kulia, Uganda na Kenya hupita kushoto, na pale Goli, mpakani, lori hubadili upande lakini usukani haubadiliki. Basi dereva wa Mombasa anayeshika Barabara ya Taifa namba 27 toka Mahagi kuja Bunia, na mwenzake mwenye usukani wa kushoto anayeshuka kwa Nebbi na Pakwach kuelekea Kampala, kila mmoja hujikuta ameketi upande wa mtaro, na ukingo wa njia uko chini ya kiwiko chake mchana kutwa. Mtu aliyesafiri hivyo, ingawa kama utingo tu, haachi tena kuutazama. Ndani ya mchezo mambo ni kinyume: Kenworth ya Kimarekani hupita kulia na usukani wake uko kushoto, kwa hiyo ukingo uko ng'ambo ya kabini na hauonekani vema ila katika kioo cha kulia, na vijana hawatazami kioo cha kulia mpaka wamekwisha gonga.

Kijana mmoja wa mtaa wa Nyakasanza, hapa Bunia, mpole, asiyependa kutajwa, alijenga kwa mikono yake kipande cha njia chenye mji mmoja, na kazi ile ilimpotezea msimu mzima wa mvua. Akaletwa mzee aliyeendesha malori maisha yake yote na ambaye hajui hata kuwasha kompyuta. Mzee hakusema lolote juu ya milima, wala mawingu, wala lori lenyewe, ambalo lilikuwa limepakwa rangi kwa uangalifu mkubwa, aliinama, akatazama pembe ya chini ya kioo kwa muda, akauliza: "Huku upepo inatokea kule?" akielekeza mkono kushoto. Kijana akanyamaza, kisha akacheka kwa furaha, kwa maana ndiko alikoutoa. Baadaye mzee akauliza tena kwa nini lami ilikuwa imevunjika zaidi upande wa kutoka mjini kuliko upande wa kuingia, na kabla hajajibiwa akajijibu mwenyewe: kulikuwa na machimbo nyuma ya kilima, malori huingia matupu na hutoka yamejaa. Sijaona mtihani ulio mgumu kuliko huo, wala mtahiniwa aliyefaulu kwa heshima zaidi.

Walaghai nao wana hila zao. Wa kwanza ni yule anayechukua picha moja ya ukingo uliobomoka, ambao kweli ni mzuri, akairudia kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho. Niliketi na mmoja wa aina hiyo, aliyekuwa akiuza modi yake, yaani nyongeza ya mchezo aliyoiunda, kwa flashi sokoni, nikaweka kidole changu juu ya ufa wenye umbo la unyayo, nikamwomba aendelee kuendesha. Unyayo ukarudi, ukarudi tena, ukarudi kwa mara ya tatu, akazima jenereta akidai mafuta yamekwisha. Wa pili ni mpiga picha. Huyu huinua kamera ya nje, akaikata sehemu ya chini, akangojea magharibi ya jua, na watu wakasifu mbingu. Mbingu si kazi yake, ni kazi ya programu, na ardhi ambayo ndiyo kazi yake ameiacha nje ya fremu. Picha ya jangwa isiyoonyesha ukingo ikataeni.

Juu ya miji midogo nitasema machache, kwa kuwa anayefahamu ukingo amekwisha fahamu nusu ya mji. Mji wa jangwani haukui bila sababu, na sababu hiyo lazima ionekane toka usukanini. Huko Nevada, Tonopah uliinuka kwa fedha iliyogunduliwa mwaka 1900. Winnemucca unashika reli. Jackpot umekaa palepale mpakani kwa kuwa jirani yake Idaho ilipiga marufuku mashine za kamari mwaka 1954, na wenye mashine wakavuka tu mstari. Mtu wa nchi hii, ambaye dhahabu ya Kilo iliyoonekana mwaka 1903 imemzalia miji, njia, vita na majina ya ukoo, hahitaji kufunzwa kwamba mahali penye shimo ndipo penye baa. Kwa hiyo ukiingia mji wa mchezo ukaona hoteli, kanisa na kituo cha mafuta vimekaa bila maji, bila machimbo, bila njia panda na bila mpaka, jua kwamba mjenzi alikuwa na nyumba za kumaliza. Katika American Truck Simulator, Arizona na New Mexico, iliyofuata Novemba 2017, zinapita katika mtihani huu mara nyingi. Las Vegas ya 2016 haipiti, lakini Las Vegas si mji mdogo, wala sijui kwa nini mtu aende huko na tela.

Yaliyobaki ni sheria zisizohitaji sherehe. Kamera iwe ya ndani. Jangwa lisilo na nguzo za simu si jangwa. Mji wenye taa za barabarani zaidi ya saba umekwisha kuwa mkubwa. Lori jekundu haliingii katika nchi nyekundu. Redio izimwe baada ya kona ya mwisho ya mji, na asiyeweza kuvumilia sauti ya injini peke yake akacheze mpira.

Wakati mwingine mimi huwakumbuka wachezaji wa zama za 18 Wheels of Steel, mchezo wa kampuni ileile ya SCS ulioanza mwaka 2002, ambao kwetu ulikuja baadaye sana katika CD zilizokwaruzwa na kunakiliwa mpaka jina likafutika. Milima yake ilikuwa bapa, nyumba zilirudiwa bila haya, na tela lilielea juu ya lami badala ya kuikanyaga. Lakini wachezaji! Walikuwa watoto wa madereva, wamelelewa chini ya malori ya Mercedes yenye pua, na hata katika njia ile maskini waliweza kubishana saa nzima kama mchoro fulani kando ya barabara ulikuwa mtaro au kivuli. Leo kompyuta zinaweza kuonyesha kokoto moja moja, na hakuna anayeteremsha macho kuzitazama.

Najua nitajibiwa kwamba vyumba vyetu vina kompyuta kuukuu, kadi za picha zilizochoka, na kwamba ukiacha mipangilio yote ya picha juu mchezo hukwama, hasa jenereta ikianza kuyumba mida ya jioni. Ni kweli. Basi punguzeni vivuli, punguzeni mawingu, fupisheni hata upeo wa macho ikibidi, kwa kuwa vumbi la jangwani huufupisha vilevile. Lakini ubora wa ardhi uacheni ulivyo, na kioo cha kulia msikiguse, hata kama mwenye chumba atawaambia kwamba ndicho kinachokula umeme.