Chai baridi bila friji: hatari huanza jikoni pakizimwa moto

Kuchemsha ndiyo sehemu rahisi. Kwenye vilima vya Ngara, mwinuko wa mita 1,600 hivi, maji hutokota yakiwa na nyuzijoto karibu 95, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Msomaji wa Bukiriro, hukohuko Ngara, asitishike. Ushauri wa kiafya ni kuyaacha yatokote dakika moja, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Majani nayo yakolee katika maji ya nyuzi 91 au zaidi kwa dakika tatu hadi tano. Nafasi ni finyu lakini inatosha, mradi majani yaingie sufuria ikiwa bado inatokota na mfuniko urudi upesi.

Joto hilo ni kwa ajili ya majani pia. Yamepita mikononi, kwenye magunia na vumbini kabla ya kufika dukani, hivyo hayaji yakiwa safi. Ndiyo maana siipendi kabisa ile chai ya juani iliyopendwa Marekani, ya kuanika majani na maji ndani ya chupa ya kioo. Jua huyafikisha maji nyuzi 55 kwa shida; vijidudu havifi, vinaota moto.

Chupa ya chai tuliyoizoea ina mtego huohuo. Chai ya moto ikiwekwa humo asubuhi ili ipoe polepole, hukaa saa nyingi kwenye uvuguvugu, chini ya nyuzi 60. Anayetaka chai baridi aikimbize haraka kuvuka eneo hilo.

Njia inayofaa bila friji huanza jana yake. Chemsha maji, yaache yapoe, yamimine kwenye mtungi safi wa udongo, ufunike. Maji yanayopenya ukutani hukauka na kuondoka na joto, kwa hiyo mtungi hufanya kazi vizuri zaidi kiangazi cha Juni hadi Agosti kuliko wakati wa mvua, hewa ikiwa na unyevu. Teka kwa kata yenye mpini mrefu. Kikombe kilichoshikwa na kila mtu kisizame humo.

Siku ya kunywa, pika chai nzito kwa maji kidogo, ichuje na utie sukari ingali moto. Usikimbilie kuichanganya: kikombe kimoja cha nyuzi 90 ndani ya vitatu vya nyuzi 18 hutoa kinywaji cha nyuzi 36, joto la mwili. Kwanza ketisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji ya beseni yakipata moto. Ikishapoa ndipo uongeze maji ya mtungi.

Barafu ya kununua ni jambo jingine. Kuganda hakuui vijidudu kwa uhakika, na barafu ya maji mabichi hufuta kazi yote ya jiko. Ndimu ioshwe kabla ya kukatwa. Maziwa yasitiwe.

Chai ikipoa huweza kufifia na kuwa na ukungu; hiyo ni kafeini na tanini za majani zikishikana, haina madhara. Ukiona utelezi au nyuzinyuzi nzito zinazovutika, mwaga na uoshe jagi kwa maji ya moto. Hata isiyo na dalili yoyote, bila friji isikae zaidi ya muda wa saa nane.