Mwalimu kaenda JPL, karudi na karanga

Simulizi za walimu waliobahatika kutembezwa JPL, kule Pasadena, Marekani, zinafanana mno. Picha imepigwa juu, nyuma ya kioo. Chini mafundi wamevaa meupe kichwa hadi miguu. Halafu karanga: mwaka 1964, baada ya Ranger sita kushindwa, Ranger 7 ilipofanikiwa kutuma picha za Mwezi kulikuwa na karanga chumbani, basi ikawa desturi. Halafu magurudumu ya Curiosity, ambayo matundu yake yanaandika "JPL" kwa alama za Morse. Stori tamu, nakubali. Mimi huzisoma hadi mwisho.

Sasa, mwanafunzi anabaki na nini? Chukua yale mavazi meupe. Ukiona picha tu utadhani yanamkinga fundi. Wapi! Yanakikinga chombo dhidi ya fundi, maana ngozi yetu inapukutika muda wote na tumejaa bakteria. Tukiwafikisha Mirihi, kisha siku moja tukakuta uhai kule, tutajuaje kama si wetu? Ndiyo maana vyombo vya Viking, kabla ya kurushwa 1975, viliokwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 110 za Selsiasi kwa takriban saa 30. Kipindi kizima cha biolojia hicho, kimeishia kwenye picha moja.

Pengo kubwa zaidi ni vyombo vilivyopotea. Septemba 1999, Mars Climate Orbiter ilifika Mirihi ikiwa chini mno, ikatoweka. Programu ya watengenezaji ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi, waongozaji wakazisoma kama nyutoni. Kila msukumo mdogo ukahesabiwa pungufu kwa zaidi ya mara nne, miezi na miezi. Mtoto wa kidato cha pili aliyekatwa alama kwa kusahau kizio angekuwa na la kusema hapo, tena kwa hasira.

Simlaumu mwalimu peke yake. Ziara hupangwa na mwenyeji, na mwenyeji gani anaanza kwa kukuonyesha makaburi? Lakini mwaka 2019 JPL hiyohiyo iliweka kamera mtandaoni, watu wakatazama kigari kilichokuja kuitwa Perseverance kikiunganishwa. Saa nyingi hakuna kinachotokea. Fundi anainama, anakaza kitu, anakagua, mwenzake naye anakagua tena. Mwalimu angeandika ukurasa mmoja tu juu ya huyo wa pili, karanga ningemsamehe.