Kosa Linalohesabika

Gitaa lililotuniwa Sumbawanga alfajiri likifika Kipili mchana huwa si lile tena. Kule juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kuna baridi ya Ufipa. Huku ziwani ni kama mita 770, na joto lake usiulize. Nyuzi za chuma zikipata joto hutanuka, zikalegea, sauti ikashuka. Ndiyo maana mpiga gitaa wa kwaya akishuka kwenye basi haanzi na wimbo. Anakaa, anainamisha kichwa, anasikiliza.

Nimemtazama mmoja kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Alibana uzi mnene kwenye freti ya tano, akaupiga pamoja na jirani yake ulio wazi. Sauti mbili zilitakiwa ziwe moja; zikatoa wau, wau, wau, kama mtu anafungua na kufunga mlango wa chumba chenye redio.

Tuseme uzi mmoja unatetema mara 110 kwa sekunde, mwenzake mara 107. Zikisukuma hewa kwa pamoja, sauti inajaa. Punde mmoja unasukuma wakati mwingine unavuta, sauti inanywea. Inajaa mara 3 kila sekunde, yaani 110 kutoa 107. Ndiyo mapigo. Mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo kwa Kiingereza, akakariri fomula, asijue kwamba Jumapili aliyasikia kanisani.

Wavuvi wanayajua kwa macho. Nje ya visiwa vya Kipili, kusi likivuma, huja mawimbi makubwa kadhaa yakifuatana, maji yakatulia kidogo, kisha makubwa tena. Ni mawimbi yenye mwendo unaokaribiana, yamepandana. Mwenye mtumbwi husubiri ule utulivu ndipo apige kasia.

Sasa sifa ya ufundi wenyewe. Piga nyuzi mbili moja baada ya nyingine zikiwa zimepishana nusu ya mtetemo kwa sekunde: wengi wetu hatusikii tofauti yoyote. Zipige pamoja, na hata mtoto atahesabu pigo moja kila sekunde mbili. Kosa limegeuka kipimo, tena kipimo kisichohitaji chaji.

Ila mapigo hayasemi uzi upi uko juu. Yule bwana alikaza kidogo, yakaenda mbio. Akajua amekosea njia. Akalegeza mpaka yakatulia, akapitiliza makusudi yakaanza upya, kisha akapanda polepole, maana uzi uliopandishwa hushika kuliko ulioshushwa. Wau… wau… wau… Kimya.

Akaendelea hivyo mpaka uzi mwembamba wa mwisho, akianzia kwenye ule mnene ambao hakuupima kwa chochote. Kwa kinanda, huenda gitaa zima lilikuwa chini. Kinanda hakikuwepo, kwaya ikaanza.