Kabla Hujamlipa Fundi wa Mabomba

Fundi akimaliza kuziba hufuta kiungo kwa kitambaa, hufungua maji, husubiri kidogo, kisha husema, "Mama, iko sawa." Pengine iko sawa kweli. Lakini ukavu wa dakika mbili, mchana watu wote wakiteka maji na presha iko chini, hauthibitishi lolote. Usiku mifereji ikifungwa presha hupanda, na hapo ndipo kiungo kibovu huanza kulia. Kwa hiyo anayeijua kazi hii haulizi kama pamekauka. Anaangalia kiungo kimetengenezwaje.

Muhoroni, magharibi mwa Kenya, ni pazuri pa kujifunzia, maana mabomba ya kila kizazi yapo. Kiwanda cha sukari kilianza 1966, zama za paipu za chuma, zile mafundi wanazoziita GI, na nyumba za kale utazikuta nazo bado. Vyumba vya kupanga vilivyojengwa juzi vina PPR, ya kijani au nyeupe. Kwenye mita, mara nyingi, inaingia ile paipu nyeusi ya kukunjika.

PPR ndiyo inayoficha ubovu vizuri zaidi. Haiungwi kwa gundi; inayeyushwa kwa mashine ya kuchomea yenye joto la nyuzi 260. Ya milimita 20 hutaka sekunde 5 hivi, ya 25 hutaka 7, kisha husukumwa ndani ya soketi moja kwa moja bila kuzungushwa, na kushikiliwa mpaka iume. Inama utazame mdomo wa kiungo. Unatafuta pete mbili nyembamba za plastiki iliyoyeyuka, zimebanana, zimezunguka pande zote kwa unene mmoja. Pete ikikatika upande mmoja, paipu iliingia kombo. Ikiwa nene na imefura, ilichomwa kupita kiasi, na ilivyofura nje ndivyo ilivyofura ndani. Hiyo huenda isivuje kamwe, ila shawa itatoa maji membamba na utailaumu kampuni ya maji bure.

Adui mwingine ni unyevu. Paipu inayodondosha haishiki, kwa sababu maji hugeuka mvuke na kuacha vitundu ndani ya plastiki. Fundi wa maana hufunga koki kuu, hufungua mfereji wa chini kabisa maji yaishe, ndipo akaushe. Wako wanaosukuma kipande cha mkate ndani ya paipu kinyonye matone. Baadaye mkate hulainika na kutokea mferejini. Ukimwona fundi akiomba mkate kabla ya chai, usimcheke.

Chuma kina mambo yake. Huoza kutoka ndani, na huanzia kwenye thredi, pale zinki ilipokatwa. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokazwa kwa waya ni huduma ya kwanza tu, wala si dhambi, mradi fundi auite hivyo. Kazi yenyewe ni kukata kurudi nyuma mpaka afike kwenye chuma kizima, hata kama ni nusu mita. Tepu ya thredi izungushwe kufuata upande wa kukaza, la sivyo hujikunjua yenyewe. Iliyorundikwa kama bendeji ya goti ni dalili kuwa thredi imekufa na fundi anajua. Na katani nyingi ya kuzibia kwenye soketi ya PPR yenye shaba huipasua. Ufa hutokea baada ya siku kadhaa, yeye keshaenda zake.

Lakini swali linalomtenga fundi na mzibaji ni hili: nini kiliivunja paipu? Udongo mweusi wa huku hupasuka kiangazi na kufura mvua ikija, ukivuta paipu huku na huko. Tena kuna trekta za miwa, na paipu iliyofukiwa juujuu njiani haiwezi uzito ule. Anayeunga palepale na kurudisha madongoa yaleyale hajatengeneza kitu. Mzuri atachimba zaidi, atatandika mchanga, na paipu nyeusi atailaza ikiwa imelegea, inapindapinda kidogo, ili ardhi ikisogea nayo isogee.

Mtaro usifukiwe siku hiyo. Jioni funga mifereji yote, utazame kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, bado kunavuja. Kikitulia usishangilie, kwani tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na mita nyingine hazilioni. Tandaza gazeti kavu chini ya kila kiungo kipya ulale. Asubuhi likiwa na duara la maji, kazi inarudiwa kwa gharama ya fundi, na hilo mpatane kabla hajafungua mkoba wa spana.