Njia ya Pwani katika Maisha ya Tippu Tip

Msomaji akifungua Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa kutaraji sifa za milima na mabonde, atatoka mikono mitupu. Habari hizi, zilizochapishwa na Heinrich Brode miaka ya 1902 na 1903, kisha na W. H. Whiteley miaka ya 1958 na 1959, hazipambi njia. Hamed alitoka Manyema na pembe zake, akavuka Ziwa Tanganyika, akapita Tabora, akashuka pwani mwaka 1882. Nchi iliyomalizwa na msafara kwa miezi, kalamu huivuka kwa maneno machache, kwa lugha ya mfanyabiashara atoaye hesabu: siku, frasila, deni, vita.

Ufupi huo ndio nguvu ya nathari yake. Hauna neno la anasa. Ndio kasoro yake pia. Pembe hazikwenda kwa miguu yake. Zilichukuliwa na wapagazi na watumwa, nao hutajwa kwa idadi zaidi kuliko kwa majina. Mwanafunzi aisifuye lugha hiyo, kama istahilivyo, asisahau kuuliza ni nani waliotua mizigo ile pwani, na habari zao zingesimuliwaje.