Barua Haijibiwi kwa Wino Mwekundu

Kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert 1931–1958, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 2002, chafaa kuwa mezani pa kila mwalimu. Humo mshairi yule mashuhuri anamwandikia nduguye, Yusuf Ulenge. Hakikukusudiwa watoto, na lugha yake ni ya watu wazima; lakini kinatufundisha jambo moja: aliyeandika alijua kuna mtu anayeingojea barua.

Hapo ndipo tukoseapo sisi walimu. Mtoto wetu wa Uganda, ambaye aghalabu Kiswahili si lugha ya mamaye, twampa insha akaiandikie nyumbani. Humwandikia nani? Kalamu yetu nyekundu. Akieleza kuwa mbuzi wao amezaa, twazungushia duara kosa la ngeli, wala hatumwulizi wamezaliwa wangapi. Kisha twalalamika kwamba hapendi kuandika!

Twashauri, basi, mtoto amwandikie shangazi au kaka aliye mbali, naye ajibiwe. Ngeli zifundishwe darasani. Barua yake iachwe ifike. Anayejibiwa huandika tena bila ya kuamrishwa.